Ndiyo Yako Ina Uzito: Ahadi na Fidia katika Sheria ya Denmaki

Hotuba hii niliitoa Jumapili alasiri mbele ya wazungumzaji wa Kiswahili wa Odense na miji ya jirani. Wengi walikuwa kazini siku hiyo, wakaniomba niiandike yote. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Wazee wetu, akina mama, kaka na dada zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, hamjambo? Asanteni kwa kuja. Najua Jumapili kwa wengi wenu ndiyo siku pekee ya kulala, na mmeikata ili mnisikilize. Sitawapotezea muda.

Mimi si wakili. Ni mkalimani. Kwa miaka kumi na minne nimekaa katikati: huku mtu wetu, kule daktari, au mtu wa bima, au hakimu. Nimetafsiri maneno mengi sana, lakini kuna mawili ambayo nimeona yakitugharimu kuliko yote. La kwanza ni "ndiyo". La pili ni "si neno".

Tumelelewa vizuri, ndugu zangu. Mtu mzima akikuambia jambo, unaitika "ndiyo", hata kama moyoni hujakubali, kwa sababu ndiyo hiyo maana yake ni "nimekusikia". Na ukigongwa, ukaanguka, mtu akakukimbilia na kukuuliza kama umeumia, unajikung'uta vumbi na kumwambia "si neno", ili asipate wasiwasi. Hiyo ni adabu, na mimi sitaki mtu yeyote hapa aitupe. Lakini mbele ya sheria ya nchi hii, "ndiyo" ni mkataba. Na "si neno" inaweza kugeuka ushahidi dhidi yako.

Hadithi nitakazosimulia wenyewe wameniruhusu. Majina sitayataja. Naanza na yangu.

Mwaka wangu wa pili hapa, jirani yetu wa ghorofa ya juu alikuwa anauza gari lake kuukuu. Tulikutana kwenye ngazi. Akaniambia analiuza kroner 14,000. Nikamjibu: ndiyo, zuri, nitalichukua. Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa mzee mwema, alikuwa akiwapa watoto wangu tufaha, na niliona vibaya kumwambia sina pesa. Nikapanda kwangu, nikasahau. Baada ya wiki moja akagonga mlango, ameshika funguo na karatasi za gari. Kumbe alikuwa amemkataa mnunuzi mwingine, kwa sababu yangu. Nikamwambia, mzee, mimi sijatia saini popote. Akanitazama kama mtu asiyeelewa ninachosema. "Lakini ulisema ndiyo."

Nilikasirika. Nikaenda advokatvagten, pale mawakili wanapokaa jioni na kutoa ushauri bure, nikiwa na hakika kwamba nitashinda. Wakili alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Ulisema ndiyo?" Nikasema ndiyo. Basi, kesi yangu iliishia hapo. Jirani alikuja kuliuza gari kwa kroner 11,500, na mimi nikamlipa 2,500 zilizopungua, kroner 500 kila mwezi kwa miezi mitano. Tufaha hazikukoma, lakini mimi niliona aibu kuzipokea.

Wakili yule alinionyesha kitu ambacho sijakisahau. Mwaka 1683 mfalme Christian wa Tano alitoa kitabu cha sheria kiitwacho Danske Lov. Sehemu kubwa yake imeshafutwa, lakini kifungu cha 5-1-1 bado kinatumika mpaka leo tunapokaa hapa. Kinasema kila mtu analazimika kutimiza alichoahidi kwa mdomo, kwa mkono na kwa muhuri. Sikilizeni mpangilio huo. Mdomo umetangulia! Umetangulia mkono unaotia saini, umetangulia muhuri. Sisi tunasema ahadi ni deni. Wenzetu wameliandika hilo kwenye sheria, na wanalidai.

Kwa nini basi watu wanaandika mikataba? Kwa ajili ya ushahidi. Neno la mdomo lina nguvu ileile, ila siku ya ubishi ni lako dhidi ya lake. Yako mambo machache ambayo sheria inataka yaandikwe, lakini kwa mambo mengi ya kila siku, kauli inatosha, ujumbe wa simu unatosha, hata kitendo kinatosha.

Juu ya msingi huo wa mfalme ipo sheria ya mikataba, Aftaleloven, ya mwaka 1917. Ndugu zetu walio ng'ambo ya daraja kule Malmö, Uswidi, na wale wa Norwe, wana sheria ya jamaa yake, kwa sababu nchi hizi ziliziandaa pamoja. Sokoni kwetu bei husemwa, ikarudishwa, ikasemwa tena, na hakuna aliyefungwa mpaka pesa ipite mkono. Hapa aliyetoa ofa amefungwa na ofa yake. Mtu akikuandikia kwamba anakuuzia kitu kwa bei fulani na amekupa mpaka Ijumaa, hawezi kubadili bei Jumatano. Wewe nawe ukijibu Jumamosi umechelewa, na jibu lako linahesabiwa kuwa ofa mpya, ambayo yeye yuko huru kuikataa. Ukijibu "ndiyo, lakini nipunguzie", hiyo si ndiyo. Umekataa yake na umetoa yako. Ofa ya ana kwa ana, kama ile ya ngazini, hujibiwa papo hapo, isipokuwa mwenyewe amekupa muda wa kufikiri. Na ukituma neno kisha ukajuta, ujumbe wa kulifuta unapaswa kumfikia mwenzako kabla hajalijua lile la kwanza, au vyote viwili vimfikie kwa pamoja. Akishalisoma, limekufunga.

Na mkono wa siku hizi ni upi? Ni MitID. Ile programu kwenye simu yako ndiyo saini yako. Nimewaona wazazi wakimpa mtoto simu, "hebu nibonyezee hapo". Mzazi, umempa mtoto kalamu na karatasi tupu yenye jina lako.

Lakini je, ndiyo ya kila namna inafunga? Hapana. Na hapa nataka nikae kidogo.

Kuna kaka yetu mmoja aliyesubiri mkewe miaka mingi. Siku ruhusa ilipotoka, hakuwa na nyumba ya kumpokelea. Akapata chumba na jiko. Mwenye nyumba akamwekea mkataba: amana ya miezi mitano, pesa mbele. Kaka akakopa huku na kule, akatia saini. Baada ya mwaka, mtu akamwambia kwamba sheria ya nyumba za kupanga hairuhusu amana kuzidi kodi ya miezi mitatu. Ilibidi adai iliyozidi. Alikataa! Nilimfuata mara mbili nyumbani, akakataa. Aliniambia hivi: "Dada, nilitia saini kwa mkono wangu. Baba yangu alinifundisha ahadi ni deni."

Nilimheshimu sana kwa neno hilo. Nikamfungulia Danske Lov, kifungu kinachofuata kile cha kwanza, 5-1-2. Kinasema mapatano ya watu wazima waliokubali kwa hiari yao yatimizwe yote kama yalivyo, iwapo hayaendi kinyume cha sheria wala kinyume cha heshima. Mnaona? Mfalme yuleyule aliyesema mdomo unafunga ndiye aliyeweka mpaka. Mwenye nyumba aliyedai miezi mitano ndiye aliyetoka nje ya heshima, siyo kaka aliyedai chake. Akapeleka jambo huslejenævnet, baraza la kodi za nyumba lililopo kila manispaa, na pesa ya ziada ikarudi. Mkewe yumo humu ndani leo.

Aftaleloven nayo ina milango ya kutokea. Ahadi iliyotolewa chini ya ngumi au vitisho haifungi. Iliyopatikana kwa udanganyifu haifungi. Kuna kifungu cha 31, ambacho nataka akina mama mkishike: mtu akitumia dhiki yako, au uchanga wako wa mambo, au utegemezi wako kwake, akakutoza kupita kiasi, hupaswi kufungwa na mkataba huo. Na mwaka 1975 kiliongezwa kifungu cha 36, kinachompa jaji uwezo wa kuuvunja au kuurekebisha mkataba ambao haki haikubali utekelezwe. Milango hii ipo, lakini ni myembamba, na haifunguki kwa mtu kusema tu "sikusoma". Kutosoma si kudanganywa. Kutojua Kidenmaki peke yake pia ni ngao hafifu mno.

Vijana wa nyuma, hili lenu: aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida hawezi kujifunga kwa mkataba bila mlezi wake. Ana uhuru na mshahara alioupata mwenyewe akishatimiza 15, ila hiyo si ruhusa ya kukopa. Na wote mkumbuke kwamba kununua mtandaoni kunakupa siku 14 za kujirudi, lakini duka la mtaani halilazimiki kukurudishia pesa eti kwa sababu rangi haikupendezi. Likikubali ni kwa hiari yake.

Sasa tuje kwenye mwili.

Mama mmoja wa hapa hapa alikuwa anafanya usafi hotelini. Asubuhi moja, ngazi za nyuma zilikuwa zimetoka kudekiwa, hakuna alama ya kuonya, naye amebeba mzigo wa mashuka. Akateleza, akashuka vidato vinne kwa mgongo. Msimamizi akaja mbio: umeumia? Mnajua alijibu nini?

Si neno.

Akainuka, akamaliza vyumba vyake vyote. Akaendelea na kazi wiki tatu akimeza vidonge vya kawaida vya maumivu, kwa sababu hakutaka aonekane mvivu. Siku aliyoshindwa kuinuka kitandani ndiyo siku aliyoenda kwa daktari. Daktari akamuuliza maumivu yalianza lini. Kwa aibu akasema "siku nyingi". Likaandikwa: siku nyingi. Ndugu zangu, neno hilo moja kwenye faili la daktari lilitusumbua kuliko ile ngazi yenyewe! Maana swali la kwanza la kila kesi ya kuumia ni hili: tunajuaje kwamba mgongo huu uliumizwa na ngazi ile?

Kilichomwokoa ni kwamba jioni ya siku ile alimtumia dada yake ujumbe wa sauti, akilia, akieleza alivyoteleza. Tarehe ilikuwepo. Saa ilikuwepo. Na mwenzake wa zamu alikubali kuandika alichokiona. Ajali ikatambuliwa kuwa ya kazini.

Kwa jumla, anayekudai fidia katika nchi hii lazima aonyeshe kwamba kuna hasara, kwamba wewe ulikosea kwa kusudi au kwa uzembe, kwamba kosa lako ndilo lililoleta hasara hiyo, na kwamba mtu makini angeweza kuiona inakuja. Kanuni hiyo majaji wameijenga wenyewe, hukumu juu ya hukumu. Na bosi anajibu makosa ya mfanyakazi aliyemtuma. Hilo nalo limo katika kitabu kilekile cha 1683, kifungu cha 3-19-2.

Lakini kuna sehemu ambazo huhitaji kuthibitisha kosa la mtu yeyote, na kazini ni mojawapo. Denmaki ilipitisha sheria yake ya kwanza ya bima ya ajali za wafanyakazi mwaka 1898. Leo kila mwajiri analazimika kuwa na bima hiyo, na inamhusu anayefanya kazi ya kudumu na ya siku moja, mwenye mshahara na hata asiye na mshahara. Anayeamua ni Arbejdsmarkedets Erhvervssikring, ndiyo hizo herufi AES mnazoziona kwenye barua. Mwajiri ana wajibu wa kuripoti. Asiporipoti, ripoti mwenyewe, au mwombe daktari wako. Una mwaka mmoja. Usiungoje uishe. Kama hali ilivyo kwa mama yule, aliyekawia anapigana akiwa amefungwa mkono mmoja.

Hospitali ikikudhuru, kipo chombo kiitwacho Patienterstatningen. Kupeleka madai huko ni bure, na humshtaki daktari, unaomba fidia tu. Ukipigwa na wahalifu, dola yenyewe huwalipa waathirika fidia, lakini inataka polisi wajulishwe haraka, kwa kanuni ya kawaida ndani ya saa 72.

Fidia inalipa nini hasa? Sheria yake kuu ni Erstatningsansvarsloven, ya mwaka 1984, na nataka msahau zile sinema za Kimarekani. Hapa hakuna anayetajirika kwa kuumia. Hapa wanahesabu. Wanahesabu mshahara uliokosa ulipokuwa mgonjwa, na gharama za matibabu. Wanahesabu maumivu, svie og smerte, zaidi ya kroner 200 kwa kila siku ya ugonjwa, mpaka kikomo fulani. Kisha yapo makubwa mawili. La kwanza ni ulemavu wa kudumu, mén, unaopimwa na madaktari kwa asilimia. Chini ya asilimia 5 hulipwi. Asilimia hiyo haiulizi mshahara wako. Watu wawili wa umri mmoja, mmoja waziri na mmoja mfagiaji, wakiumia goti kwa kiwango kimoja, mén yao ni kroner zilezile. Kila ninapolitafsiri hilo sauti yangu hubadilika, kwa sababu nimekaa mbele ya watu wetu walioamini kwamba mwili wao una bei ndogo hapa. Hauna bei ndogo.

La pili ni kupoteza uwezo wa kuchuma, erhvervsevnetab. Hapo mshahara unaingia. Sheria ya 1984 inachukua mshahara wako wa mwaka, inauzidisha kwa asilimia uliyopoteza, kisha kwa kumi. Mwenye kroner 360,000 kwa mwaka aliyepoteza robo ya uwezo wake: 900,000. Akiwa na miaka 35 siku ya ajali inapunguzwa asilimia 6, kwa sababu kila mwaka unaozidi 29 unapunguza asilimia moja. Inabaki 846,000. Chini ya asilimia 15 hakuna malipo. Bima ya kazini ina mahesabu yake tofauti kidogo, na hailipi zile pesa za maumivu. Hizo unamdai mwajiri iwapo alikosea.

Nishikeni mkono kwa hadithi ya mwisho, kwa sababu hapa "ndiyo" na "si neno" zinakutana.

Kijana wa miaka 19, jioni ya Novemba, anarudi kutoka kazini kwa baiskeli, taa ya mbele imezimika. Gari likakata kona likamgonga. Mfupa wa mguu ukavunjika. Pale hospitali baba yake aliniambia: tusiseme sana, mtoto hakuwa na taa, kosa ni letu. Je, kosa lilikuwa lao? Sheria ya barabara, kifungu cha 101, inamfanya mwenye gari awajibike kwa mtu aliyemgonga hata kama dereva hakuzembea. Fidia ya mwili inapunguzwa ikiwa aliyeumia alichangia kwa uzembe mkubwa sana, au alikusudia. Uzembe wa kawaida hauipunguzi. Na gari likikimbia, au likiwa halina bima, kipo chombo cha makampuni ya bima, DFIM, kinachobeba mzigo. Familia ile ilikuwa tayari kunyamazia haki ambayo sheria imeiandika waziwazi.

Wakadai. Baada ya miezi minane barua ikaingia kwenye e-Boks ya kijana, lile sanduku la barua la mtandaoni. Bima inatoa kroner 45,000. Na chini kuna maneno matatu ya Kidenmaki ambayo nataka mtu asitoke humu bila kuyajua: fuld og endelig. Kamili na ya mwisho. Kijana aliona 45,000, akafungua MitID, akakubali akiwa ndani ya basi. Mguu ulikuwa bado haujatulia.

Barua ile ilikuwa ofa. Kidole chake kilikuwa "ndiyo". Mkataba ukakamilika kati ya vituo viwili vya basi! Mwaka uliofuata akaacha mafunzo ya useremala kwa sababu hawezi kupiga magoti. Ipo njia ya kuomba kesi ifunguliwe tena ikiwa hali imebadilika sana kuliko ilivyotarajiwa, na tumeipita njia hiyo, lakini ni mlima. Angeweza, kabla ya kubonyeza, kuomba AES itoe maoni yake kuhusu asilimia za mguu wake. Sheria inaruhusu upande wowote kuomba. Angeweza kwenda kwenye chama chake cha wafanyakazi. Angeweza kuangalia bima ya vitu vya nyumbani ya wazazi wake, maana nyingi zina ndani yake msaada wa gharama za wakili. Angeweza kunipigia simu. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Ndiyo maana nimesimama hapa. Madai kwa kawaida hufa baada ya miaka mitatu tangu ulipojua umeumia na nani anawajibika. Miaka mitatu ni mingi kwa anayesema na michache mno kwa anayenyamaza. Ukiumia, sema siku hiyohiyo. Mwambie msimamizi, mwambie daktari, na uhakikishe ameandika wapi, lini, vipi. Ukiulizwa kama umeumia na hujui, jibu "sijui bado". Hiyo nayo ni adabu, na ni kweli.

Nimemaliza. Nitakuwa kwenye ile meza iliyo karibu na chai mpaka saa kumi na moja jioni. Wenye barua za e-Boks zenye tarehe ya mwisho waje kwanza, wengine wasubiri kidogo. Mama uliyeniwekea karatasi mkononi pale mlangoni, nimeisoma wakati wa wimbo. Bado una siku tisa. Tuanze na wewe.